Naomba ushauri: banda la kuku kwa mabanzi na vipande vya mbao

Wakuu, nina lundo la mabanzi (mbao za pembeni mwa gogo, zenye magome) na vipande vya mbao, vingi havifiki mita 1, najengea banda la kuku. Ukuta mmoja nimeshauharibu: nilipigilia mabanzi yakiwa mabichi, yamebanana vizuri kabisa. Wiki 3 baadaye yamekauka na kusinyaa, kidole kinapita katikati. Kicheche akija ataingia anacheka.

Nafikiria kuziba nyufa kwa fito za mbao kwa nje badala ya kung'oa. Itafaa? Magome nayabandua kwa panga, maana chini yake nimekuta unga wa wadudu.

Kinachoniumiza kichwa ni nguzo. Sina mbao ndefu. Nikiunga vipande viwili kwa kuvipandanisha na kupiga misumari, vipishane kiasi gani ili visiyumbe? Au niweke kipande cha tatu ubavuni? (Misumari inapasua ncha za mbao, nimeanza kuigonga iwe butu kwanza, inasaidia.)

Na mchwa je? Nimeshauriwa nipake oili chafu, lakini kuku hudonoa kila kitu, naogopa. Nguzo zikikaa juu ya mawe bila kugusa udongo, inatosha?