Tupeane uzoefu: usalama wa sisi tunaolala Rongai, Kitengela na Ruiru, tukafanya kazi Nairobi

TaaYaUani

Wadau, salamu. Anayetaka kuhamia Kitengela, Rongai, Ruiru au Juja huuliza swali moja: "Huko kuna usalama?" Mmoja atamjibu kwamba hajawahi kupoteza hata kibanio cha nguo, mwingine atamwambia asithubutu. Wote wawili wanasema kweli, maana wanakaa mji mmoja lakini hawapiti njia moja wala saa moja.

Mwizi wa miji hii anajua ratiba ya watu. Saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima unakimbilia steji kabla nauli haijapanda na barabara haijafunga. Ikifika saa tatu asubuhi ploti imebaki na watoto wadogo, dada wa kazi na kuku. Kuanzia hapo hadi saa tisa alasiri ndio wakati wa milango kuvunjwa, mchana kweupe, na anayevunja huwa amevaa ovaroli kama fundi wa mabomba. Usiku nyumba zina watu, kwa hiyo shida inahamia njiani, kati ya steji na geti.

Kwa hivyo ukitafuta nyumba, itembelee mara tatu: saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tano mchana siku ya kazi, na saa tatu usiku. Tembea kwa miguu kutoka steji ukiangalia saa. Dakika tano hazina neno. Zikifika kumi na tano, hesabu taa zinazowaka, uliza duka la mwisho hufungwa saa ngapi, na uangalie kama kuna ploti tupu au ua mrefu wa kayaba njiani. Mama mboga na wakala wa M-Pesa wanaokaa hadi saa tatu usiku wanalinda njia kuliko mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, ya kaunti. Stima ikipotea mulika mwizi huzimika, lakini mama mboga ana taa yake ya sola na anawajua wapita njia kwa sura.

Leteni mnayoyajua, kwa vipimo. Tafadhali tusitaje mitaa kwa majina tukawachafulia wenyeji.

FundiGeti

Naanza na geti, kwa sababu wengi hununua kufuli la nguvu wakalifunga kwenye geti dhaifu.

Angalieni bawaba kwanza. Mageti mengi ya chuma yamekaa kwenye pini mbili zinazoangalia juu. Watu wawili wakiingiza mabega chini na kunyanyua, geti linatoka lote, kufuli likiwa bado limefungwa vizuri. Pini ya juu igeuzwe iangalie chini, au uchomelee kipande cha nondo juu yake geti likose nafasi ya kupanda. Fundi hamalizi nusu saa.

Komeo lisishikwe kwa skrubu. Lichomelewe, au lifungwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani, nati iwe upande wa ndani na ncha ya bolti ipondwe kwa nyundo isifunguke. Kufuli likae ndani ya kisanduku cha chuma chenye tundu la mkono upande wa chini, mkasi wa kukatia nondo ukose pa kushika.

Sasa jambo ambalo wageni wa Kitengela, Athi River na Syokimau hawaambiwi: udongo mweusi. Wakati wa mvua unavimba, kiangazi unapasuka, na nguzo ya geti inalala kidogo kidogo. Baada ya misimu miwili mitatu komeo halilengi tena tundu lake. Watu wa nyumba wanasukuma kwa goti, wanachoka, wanaanza kufunga komeo la juu peke yake, mwishowe wanaegesha tu. Msingi wa nguzo uchimbwe hadi uvuke udongo mweusi ukute mwamba au murram. Kama mweusi ni wa kina sana, unganisha nguzo zote mbili chini kwa boriti ya zege yenye nondo, zikisogea zisogee pamoja. Geti ambalo limeshalala, kata tundu la komeo upya liwe refu kwenda juu na chini, sentimita tatu hivi. Litapokea komeo msimu wowote.

Grili za dirisha: chuma cha mraba milimita 12, nafasi isizidi sentimita 10, ncha zizame ukutani kabla ya plasta. Grili ya skrubu juu ya fremu ya mbao hung'oka kwa mtaimbo mara moja. Lakini nawasihi, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili ya kufunguka kutoka ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali mtoto anaufikia ila mkono wa mtu wa dirishani haufiki. Moto nao huja usiku.

MamaPloti

Asante fundi. Mimi nasemea wapangaji.

Ukipewa ufunguo, jua aliyehama ana nakala, na pengine aliyemtangulia pia. Badilisha kitasa kabla kitanda hakijaingia. Toa skrubu mbili za ukingoni mwa mlango, toa vishikio, vuta kitasa na uende nacho dukani ili upate cha kipimo hicho hicho. Chukua cha leva tano. Vya leva tatu vina funguo chache zinazotofautiana, na ufunguo wa mlango wa tatu unaweza kukufungulia. Cha zamani kihifadhi umrudishie mwenye nyumba siku ya kuhama.

Kuna wezi wa ndoano: mti mrefu wenye msumari uliopindwa unapita kwenye grili ukivuta suruali kitini, mkoba, na simu iliyo kwenye chaji. Weka wavu mgumu wa waya ndani ya grili, na chaji simu kwenye soketi iliyo mbali na dirisha, mita mbili au zaidi.

Na kabla ya hayo yote, pesa ya kuingilia. Usitume deposit kwa nyumba ambayo hujaingia ndani. Ongea na mpangaji mmoja aliye pale, muulize kodi hulipwa wapi, kisha ulinganishe na namba uliyopewa. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mwingine yuko njiani na pesa, mwache amfungulie huyo mwingine.

StejiYaMwisho

Alfajiri na usiku, gari la kuogopa ni lile linalokusimamia mahali pasipo steji. Wezi wa matatu huwa wamekaa kama abiria, wanaume wanne watano, kimya, na nafasi wanayokuachia ni ya katikati yao. Nauli huwa chini ya ile ya saa hiyo. Tazama jina la sacco (chama cha wenye matatu) ubavuni, mstari wa manjano, namba ya njia, na sare: tangu kanuni za Michuki za 2004, dereva ni buluu na makanga ni rangi ya damu ya mzee. Rongai ni 125, Kiserian 126, Ngong 111, Kitengela 110, Ruiru 145. Kibao kinasema 125 na gari limeacha barabara bila maelezo ya foleni, shuka palipo na watu.

Usiku shuka steji kubwa pamoja na wengine, hata kama kona yako iko mbele kidogo, halafu umalizie na boda wa steji hiyo. Kabla hujapanda, tuma nyumbani namba ya pikipiki, na uitume boda akiona.

Anayemalizia kwa miguu atembee akikabili magari yanayokuja, vipokea sauti vikiwa mfukoni. Wa ngeta, yaani wapiga kabali, hutokea nyuma. Mkono ukishafika shingoni, shusha kidevu kifuani na ukigeuzie upande wa kiwiko chake. Hapo koo linapata nafasi ya pumzi. Simu mwachie.

SojaWaZamu

Soja mmoja wa zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili atalala kuanzia saa nane usiku. Tusimlaumu sana, mwili ndivyo ulivyo. Mpangieni mzunguko wa kila saa wenye vituo vya kubonyeza kwenye pembe za ua, hasa ile ya nyuma iliyo mbali na kibanda. Kampuni iwe imesajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016, na soja apewe filimbi, tochi, na namba za simu zilizoandikwa ukutani, siyo kwenye simu yake inayozima chaji.

Waya wa umeme juu ya ukuta: nyuzi tano au sita, betri ya volti 12 ya akiba, na vyuma vya ardhini visivyopungua vitatu, vikiachana mita tatu. Nyaya nyingi hazipigi mtu kwa sababu ya kasoro ya vyuma hivyo tu. Ardhi ikikauka, umeme hauna pa kurudia. Pima kwa kipima volti kila mwezi, kwenye uzi wa mwisho kabisa, mbali na mashine. Ukisoma chini ya volti 4,000, tafuta tawi au mtambaazi uliogusa uzi.

FundiGeti

@SojaWaZamu kwa udongo mweusi tatu hazitoshi kiangazi, kwa sababu udongo unapasuka na kuachana na chuma. Zamisha mpaka panapobaki na unyevu, au ongeza ziwe tano, na umwagie maji Januari na Februari.

SojaWaZamu

Kweli kabisa. Taa za sola nazo, paneli iinuliwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Ikilala bapa, vumbi linaganda na taa inazima saa sita usiku, saa ambayo ndiyo mnaihitaji.

LainiYangu

Simu ikiporwa, kilicho hatarini zaidi ni laini, kuliko simu yenyewe. Mwenye laini yako na kitambulisho chako anaweza kujifanya wewe, akakopa kwa Fuliza (mkopo wa M-Pesa) na kufungua akaunti yako ya benki.

Fanya haya leo. Weka PIN ya laini kwenye mipangilio ya usalama ya simu, ili hata ikihamishiwa simu nyingine isiwake. Ukikosea mara tatu utaombwa PUK, namba ya kufungulia laini, kwa hiyo kadi ya laini iliyoandikwa namba hiyo isitupwe. Kwa Safaricom, piga *100*100# ili wakala wa mtaani asiweze kuibadilisha laini yako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Piga *#06#, nakili tarakimu za IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi ibaki nyumbani. Futa picha za kitambulisho kwenye simu, na usikibebe kwenye kifuniko chake. PIN ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho.

Ikishaporwa, wengi huanza kwa kuipigia simu yao wakimbembeleza mwizi. Dakika hizo ndizo anazozitumia. Azima simu ya Safaricom, piga 100, sema laini ifungwe na M-Pesa isimamishwe. Benki ifuate baada ya laini, kwa sababu tarakimu za uthibitisho za benki hutumwa kwenye laini hiyo hiyo. Simu yenyewe uifunge mwisho kupitia akaunti yako ya Google au Apple.

Nduta_wa_Juja

Na kuripoti je? Wengi huku hawaendi kituoni, wanasema hakuna linalofanyika.

KitabuChaOB

Dada, nenda hata kama huna tumaini la kurudishiwa kitu. Bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, hupati abstract (hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti), na bila abstract bima haikusikii. Tena njia ambayo watu watano wameibiwa bila kuandikisha, kwa kitabu cha kituo ni njia salama.

Andika kwanza kwenye karatasi: saa, mahali kwa alama inayojulikana, walikuwa wangapi, walielekea wapi, kilichochukuliwa na IMEI yake. Hakikisha afisa ameandika mbele yako, kisha chukua namba na tarehe. Hailipiwi. Ukikataliwa, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo, na ikishindikana IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, wanapokea malalamiko kwa 1559. Hatari ikiwa bado ipo, piga 999 au 112. Mwenye habari za wahalifu asiyetaka kutajwa apige 0800 722 203, ya DCI (idara ya upelelezi), ni bure.

Aliyeumizwa aanze hospitali, kisha fomu ya P3, ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe. Aliyebakwa asioge, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki huozesha ushahidi, na afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Namba 1195, ya kusaidia waliodhulumiwa kijinsia, inapokea usiku na mchana. Tafadhali iandikeni mlangoni kwa wasichana wenu.

TaaYaUani

Swali la mwisho kutoka kwangu: kamera zinasaidia mahakamani?

KitabuChaOB

Zinasaidia zikifungwa kwa akili. Ya getini iwe mita mbili na nusu kutoka chini. Ya mita tano inaonyesha kofia tu. Mashine ya kurekodi isikae chini ya televisheni, maana huondoka pamoja nayo. Ifiche darini, na uipe betri ya akiba. Kamera nne za kawaida hujaza diski ya terabaiti moja kwa siku 12 hivi, kisha zinaanza kufuta za mwanzo, kwa hiyo nakala itolewe siku ile ile. Aliyeitoa ndiye atakayetia sahihi cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, basi awe mtu anayepatikana. Kabla hajagusa chochote, apige picha skrini ya mashine ikionyesha saa yake pembeni ya saa ya simu, ili kama mashine iko nyuma kwa dakika saba, zijulikane ni saba.