Mafaili ya FTP yaingie databesi moja kwa moja, inawezekana?

Kahawa_Mbale: Wandugu habari zenu. Niko Mbale, naangalia kompyuta za ghala la kahawa na nimekwama kabisa. Tawi letu la Kapchorwa lina skana ya zamani, kutuma inajua FTP tu (njia ya zamani ya kupeleka mafaili mtandaoni), mkulima akipimiwa kahawa stakabadhi yake inaskaniwa inaingia kwenye sava yetu huku. Sasa bosi hataki mambo ya folda, anataka picha zikae ndani ya databesi yetu ya MySQL pamoja na majina na kilo ili bakapu iwe moja. Nimeandika kaskripti ka Python, kila dakika kanapitia folda, kanasukuma faili kwenye kolamu ya BLOB (aina ya kuwekea mafaili) halafu kanalifuta. Shida picha zinafunguka nusu, jina juu linasomeka vizuri, chini penye kilo na sahihi ni kijivu kitupu. Jana mzee mmoja kasimama mbele yangu na karatasi yake mkononi anauliza kilo zake ziko wapi, nikakosa la kumwambia. Kuna FTP sava inayoandika databesi bila kupitia diski?

fundi_wa_Arua: Pole ndugu. Kwanza piga LENGTH() uone ukubwa wa hizo picha mbovu. Zikiwa zote baiti 65,535 basi FTP haina kosa, ni kolamu, BLOB ya MySQL mwisho wake ni hapo na kama sql_mode yako (mpangilio wa ukali wa MySQL) si ya strict inakata kinachozidi, inatoa onyo tu na kuendelea. Weka MEDIUMBLOB, inafika MB 16. Na acha kufuta faili kabla hujalinganisha saizi!!

Nnyabo_Data: Na zikitofautiana saizi, skripti inadaka faili kabla halijafika lote. Jina linaonekana kwenye folda tangu upload inaanza, mtandao wa kule mlimani ukisuasua unasoma nusu. Sava ya FTP iitwayo Pure-FTPd ina pure-uploadscript, inaita skripti yako upload ikiisha, na sava nyingine, ProFTPD, ukiwasha HiddenStores faili linakaa kwa jina la kificho mpaka likamilike. Hata hivyo hakikisha JPEG inaishia na baiti FF D9, isipoishia hivyo usiiingize.

Swali lako lenyewe, ndiyo inawezekana, kwa Python kuna maktaba ya pyftpdlib unaandika mwenyewe jinsi ya kupokea. Mimi nisingefanya, laini ikikatika katikati hiyo nusu unaiweka wapi? Diski kwanza, databesi baadaye.

boda_koda: Mi naona picha zibaki diski, databesi ibebe njia ya faili na SHA-256 yake (alama ya kuhakiki faili halijabadilika) basi. Bakapu ya databesi iliyojaa picha inachosha, mwaka ukiisha utaniambia.

fundi_wa_Arua: @boda_koda stakabadhi za KB 200 hazina tabu, na bosi ana hoja, rekodi na picha visiachane. Ila FTP inatuma paswedi wazi wazi, wekeni VPN (njia iliyofichwa mtandaoni) kati ya Kapchorwa na Mbale.

Kahawa_Mbale: Nimepiga LENGTH, picha 41 ni 65,535 kamili, tisa zinatofautiana, kwa hiyo nilikuwa na magonjwa yote mawili. Kolamu nimebadilisha, kufuta nimezima, HiddenStores nawasha usiku huu. Za zamani zimepotea kwenye folda ila nakala za kaboni zipo Kapchorwa, kesho alfajiri napanda taksi nikaskani upya zote 50. Ya yule mzee nimeiskani hapa hapa kwa karatasi yake, kilo 84, zinasomeka mpaka sahihi. Asanteni sana.