MREJESHO: Skani ya leza ya jengo la Kisutu imekubali kuingia Revit

Habari wakuu. Niliuliza kwa nini skani ya leza (vipimo vya jengo vilivyochukuliwa kwa mwanga wa leza) ya jengo la zamani Kisutu inachezacheza nikiiingiza Revit, programu ya kuchora majengo kwa 3D. Aliyesema tatizo ni koordineti za UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) alipatia kabisa: kwa Dar, namba ya kaskazini inazidi mita milioni 9, mbali mno na kitovu cha programu, yaani sifuri yake. Nimelisogeza wingu la nukta (nukta zote zilizopimwa na skani) karibu na sifuri, umbali niliolisogeza nikauandika pembeni, likatulia. Milango na madirisha niliyochora humo sasa yana aina na vipimo vyake.

Ushauri wa kuacha programu itambue kuta yenyewe haukufaa. Kuta za chokaa zimepinda, yenyewe ikazinyoosha zote! Nazichora kwa mkono. Nakshi za balkoni bado zinanishinda. Asanteni sana, mmeniokoa.