Naomba ushauri: ukanda wa uhai niufundisheje bila kuwachanganya wanafunzi?

Hamjambo wenzangu. Nasimamia klabu ya sayansi katika shule moja huku Eastlands, Nairobi. Ijumaa ni zamu ya ukanda wa uhai, yaani ule umbali kutoka kwa nyota ambapo maji yanaweza kudumu yakiwa majimaji juu ya sayari. Karibu mno yanachemka, mbali mno yanaganda, hapo wameshika.

Kinachonitatiza ni kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza vitu, kwa sababu nayo huamua kama maji yatabaki majimaji. Ya sayari ya Mirihi (Mars) haifiki asilimia 1 ya yetu, kwa hiyo barafu ikipata joto hugeuka mvuke moja kwa moja. Hata hapa Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na githeri inachukua muda wake.

Nawaza kutumia sirinji: navuta maji moto kidogo, naziba mdomo kwa kidole, kisha navuta pistoni hadi yatoe mapovu. Aliyejaribu, maji yawe moto kiasi gani? Sitaki kuunguza mtoto wa mtu.

Halafu kuna Europa, mwezi unaoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupiter). Uko nje kabisa ya ukanda, ilhali kuna dalili nzito za bahari chini ya barafu yake. Niutaje Ijumaa hiyohiyo, au niuache hadi siku nyingine?