Mnatuuzia "vitamini", mbona hamtaki kusema vingine vilivyomo kwenye kidonge?

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wauzaji wa virutubisho lishe, kuanzia wa maduka ya dawa hadi hawa wa semina na magrupu ya WhatsApp, wamezoea kutuonyesha upande mmoja tu wa kopo. Mbele kuna picha ya chungwa, kuna zinki, kuna kolajeni, kuna "asilia asilimia 100". Ukiligeuza, kwa herufi ambazo mtu mzima hazisomi hata akivaa miwani, ndipo wameandika vitu vingine vyote walivyotia. Na mara nyingi hapo hapo ndipo inabandikwa stika ya bei. Nimeshika makopo ambayo stika ya msambazaji imeziba orodha nzima ya viambato. Ukiibandua, inatoka na maandishi.

Kilichonifikisha hapa ni suala la mama yangu. Yuko Tanga, ana presha ya muda mrefu, na kliniki walishamwambia apunguze chumvi. Akatii. Ng'onda, wale samaki wa chumvi, ameacha, na mboga yake haina chumvi mpaka wajukuu wanalalamika. Kumbe kila asubuhi na jioni anatumbukiza kidonge cha vitamini C kwenye glasi ya maji, vile vinavyotoa povu, kwa sababu muuzaji alimwambia vinaongeza kinga na havina madhara yoyote. Hakumuuliza hata kama ana ugonjwa wowote.

Sasa sikilizeni. Povu lile haliji lenyewe. Ndani ya kidonge kuna asidi ya sitriki na bikaboneti ya sodiamu, na zikikutana kwenye maji zinatoa gesi. Gesi inapanda, sodiamu inabaki kwenye glasi, na mnywaji anaimeza yote. Ni sodiamu ileile ya kwenye chumvi ambayo daktari alimkataza. Kidonge kimoja cha namna hii kinaweza kubeba miligramu 250 za sodiamu au zaidi. Viwili kwa siku ni 500. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya miligramu 2000 kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo mama alikuwa anameza robo ya kiwango cha siku nzima kwenye vitamini peke yake.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha kwenye jarida la kitabibu la BMJ uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.2. Waliokuwa wakitumia dawa za kuyeyushwa kwenye maji zenye sodiamu walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha magonjwa ya mishipa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 16 ukilinganisha na waliotumia dawa zilezile zisizo na sodiamu. Kupanda kwa presha ndiko kulikozidi sana, karibu mara saba. Ule ulikuwa utafiti wa dawa, haukuwa wa vitamini, nalisema mapema asije mtu akanirukia. Ila povu ni lilelile na kinacholitoa ni kilekile. Mtu mwenye presha anastahili kuambiwa kabla hajatoa hela.

Nilimtafuta wakala aliyemuuzia. Nikamuuliza kwa heshima kabisa: dada, kidonge kimoja kina sodiamu kiasi gani? Akanitumia video ya mtu anayesema alikuwa hawezi kutembea na sasa anakimbia. Nikamwambia sijauliza hilo. Akajibu, "Kaka, wewe mwache mama atumie utaona matokeo." Nikauliza kwenye grupu lao, nikatolewa dakika hiyohiyo. Huyu ndiye mtu ambaye wateja wake wanamwita mshauri wa afya.

Basi nikaanza kusoma kila kopo lililoko kwenye kabati la mama, moja baada ya jingine, na maswali yakaongezeka.

Kuna kapsuli za mafuta ya samaki. Ganda lake ni jelatini. Jelatini inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na duniani inayotoka kwa nguruwe ni nyingi sana. Zipo pia za ng'ombe na za samaki, na zipo kapsuli zisizo na mnyama kabisa ambazo ganda lake hutokana na selulosi ya mimea. Mama ni Mwislamu, anaswali swala tano. Lebo inasema "jelatini", basi. Ya mnyama gani? Kachinjwaje? Hakuna. Kanuni za lebo za Codex, yaani viwango vya chakula vya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (Shirika la Afya Duniani) ambavyo nchi nyingi huvifuata, zinataka mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe yatajwe kwa jina lake. Ajabu ni kwamba jelatini haikutiwa kwenye sharti hilo. Kiwanda kikitaka kunyamaza kinanyamaza. Nilipomuuliza muuzaji mwingine kama zile kapsuli ni halali alisema, "Hizi zinatoka Marekani, ni salama." Nimeuliza halali, najibiwa salama. Ukiwauzia watu wa pwani bidhaa ambayo huwezi kuwaambia imetoka kwa mnyama gani, umewadharau. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kwenye kopo la glukosamini la viungo hali ni hiyohiyo. Glukosamini nyingi hutolewa kwenye magamba ya kaa na kamba. Mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika. Hilo kopo limeandikwa hivyo kwa Kiingereza pembeni kabisa ya lebo, na aliyeuza hakulitaja kwa mdomo.

Halafu kuna weupe. Vidonge vinang'aa kama vimepakwa chokaa. Mara nyingi kinacholeta weupe huo ni titani dayoksaidi, kwenye lebo huandikwa E171. Mwilini haina kazi yoyote ya lishe. Imewekwa ili kidonge kipendeze machoni. Ufaransa waliipiga marufuku kwenye chakula kuanzia Januari 2020. Mwezi Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ikasema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama kama kiungio cha chakula, kwa sababu haikuweza kuondoa shaka kwamba inaweza kuharibu vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya mzima ukaikataza kwenye chakula, virutubisho vikiwemo. Marekani bado wanairuhusu mradi isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula, na kamati ya wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2023 haikuona sababu ya kuiwekea kikomo. Kwa hiyo wakubwa wanabishana, sawa. Lakini kama wao hawajaafikiana, mimi ninayemeza kila siku nina haki ya kujua kwamba imo, na kujua kwamba imewekwa kwa ajili ya urembo tu. Na makopo yaliyokuwa yamekwisha kutengenezwa kwa soko la Ulaya kabla ya katazo yaliishia wapi? Kuna mtu wa forodha anayeweza kunijibu?

Rangi ndiyo usiseme. Zile sharubati za multivitamini za watoto, za manjano na za chungwa, mnajua nyingi zinatiwa rangi gani? Tatrazini, E102, na ndugu zake. Mwaka 2007 utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton ulionyesha kwamba mchanganyiko wa rangi za namna hii pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti uliwaongezea baadhi ya watoto utundu wa kupita kiasi. Tangu Julai 2010 bidhaa ya Ulaya yenye moja ya rangi sita zilizotajwa inalazimika kuandika onyo kwamba inaweza kuathiri mwenendo na umakini wa mtoto. Nendeni sasa hivi kwenye chupa iliyoko nyumbani kwenu mkatafute onyo hilo. Mkilikuta niambieni.

Nyekundu namba 3, E127, ni kisa kingine cha kuudhi. Marekani waliikataza kwenye vipodozi mwaka 1990 baada ya panya dume wa maabara kupata uvimbe wa tezi la shingo. Kwenye chakula na virutubisho wakaiacha. Mwanamke hakuruhusiwa kuipaka mdomoni lakini mtoto aliruhusiwa kuimeza, miaka 35! Ni Januari 2025 ndipo FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilipofuta kibali chake, na viwanda vya chakula na virutubisho vimepewa hadi Januari 2027 kuiondoa. FDA wenyewe walisema kilichotokea kwa panya hakionekani kwa binadamu na kwamba wamebanwa na sheria yao ya zamani. Hata hivyo nauliza: bidhaa zitakazobaki kwenye maghala yao kabla ya tarehe hiyo zitauzwa wapi?

Nitende haki kwenye jambo moja. Magnesiamu stearati, ambayo mitandaoni inatajwa kama sumu, mimi sina ugomvi nayo sana. Inatiwa kidogo ili unga usigande kwenye mashine ya kubonyeza vidonge, na hivyo hivyo silika inazuia unga kushikamana. Selulosi ni ya kujazia tu. Anayewatisha watu kwa hizo ili auze kopo lake "lisilo na stearati" naye ni walewale. Kinachoniumiza ni vile ambavyo mgonjwa fulani, au muumini fulani, au mzazi fulani, angevikataa kama angeambiwa.

Na hapo nimezungumzia vilivyoandikwa. Kuna ambavyo havikuandikwa kabisa. Mwaka 2018 watafiti walipitia maonyo ya FDA ya Marekani ya kuanzia 2007 hadi 2016, wakakuta virutubisho 776 vilivyochanganywa na dawa za hospitali kwa siri. Vya nguvu za kiume vilikuwa na sildenafili, ile dawa iliyomo kwenye Viagra. Vya kupunguza mwili vilikuwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2022 FDA ikaonya kuhusu bidhaa za maumivu ya viungo zinazoitwa Artri King: maabara ilikuta diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe), hazimo kwenye lebo. Deksamethasoni inapandisha sukari na presha, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla unaweza kuzimia. Mzee wa watu anasema "dawa hii ya mizizi imenisaidia magoti", kumbe anakunywa steroidi. Zile kapsuli za "siku tatu kitambi kimeisha" zinazotangazwa kila kona, mnadhani zinafanya hivyo kwa tangawizi?

Huko zinakotoka nako sheria ni legelege. Marekani, kwa sheria yao ya 1994, kirutubisho hakihitaji kibali cha FDA kabla ya kuingia sokoni. Kiwanda kinajithibitishia chenyewe, serikali inakuja baada ya watu kuumia. Na wanaruhusiwa kuandika "mchanganyiko maalumu" wa mimea kumi bila kusema kila mmea umo kwa kiasi gani. Kwa hiyo anayenijibu "ni ya Marekani" hajanijibu kitu.

Hapa kwetu Tanzania, tangu 2019 TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ilipogeuka kuwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), dawa na vifaa tiba vimebaki huko, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Wauzaji wanacheza katikati. Kwenye kopo wameandika ni chakula, haitibu ugonjwa wowote. Kwenye semina wanasema inatibu kisukari, uvimbe wa kizazi na tezi dume. Mdomo uko kwenye dawa, karatasi iko kwenye chakula. Ningependa TBS na TMDA wakae meza moja wamtangazie mwananchi namba moja tu ya simu ya kulalamikia bidhaa hizi, na stika inayoziba viambato ihesabiwe kuwa kosa, kopo liondolewe rafuni. Orodha iwe kwa Kiswahili. Mama yangu anasoma Kiswahili vizuri sana, hakuna sababu ya yeye kumsubiri mtoto wake atoke Dar ndipo ajue anameza nini.

Daktari wa kliniki ameshamtoa kwenye vile vidonge vya povu. Anakula machungwa, na Muheza yanakolimwa si mbali.

Wadau wenye makopo nyumbani, pigeni picha upande wa nyuma muweke hapa, hasa yale yaliyofunikwa na stika. Wafamasia mliomo humu tusaidieni kuyasoma. Na ninyi mawakala, najua mpo wengi na mnasoma. Chukueni bidhaa moja tu mnayoiuza mtuambie: sodiamu kiasi gani kwa kidonge, jelatini ya mnyama gani, rangi gani. Msinijibu kwa ujumbe wa faragha (PM). Jibuni hapa, kila mtu asome.