Grainda Imenyamaza: Mazungumzo ya Kikundi cha Ukoo

Zainabu: Shikamooni wakubwa wote. Ninaomba ushauri kuhusu grainda ya nyumbani, ile ndogo ya diski ya milimita 115. Kwa muda sasa imekuwa ikikatakata, yaani inazima na kuwaka yenyewe, wakati wa kazi, na nikiigonga ubavuni ilikuwa inaamka na kuendelea. Leo imezimika katikati ya kukata chuma, na haijibu tena hata nikibonyeza swichi mara nyingi.

Hamadi: Mota imeungua hiyo, Zainabu. Mashine ndogo za namna hiyo zikishazimika hazifufuki, na gharama ya kusuka upya koili zake, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, hukaribia bei ya mashine mpya. Itoe, utafute nyingine.

Baba Mdogo Yusufu: Marahaba, mwanangu. Hamadi, usiizike kabla haijapimwa. Mota ikiungua huaga kwa harufu, kwa sababu vanishi inayofunika nyaya za koili ikiteketea hutoa harufu kali inayobaki ndani ya mashine hata baada ya siku kadhaa. Zainabu, nusa kwenye matundu ya hewa, kisha utueleze.

Zainabu: Nimenusa, Baba Mdogo. Ni vumbi la chuma tu, hakuna harufu ya kuungua.

Baba Mdogo Yusufu: Basi tutaanzia ukutani tukielekea ndani, na mota itakuwa ya mwisho kushukiwa. Jaribu kwanza soketi kwa kifaa kingine, ili tusije tukafungua mashine nzima kumbe umeme haupo. Baada ya hapo chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona, na isirudi ukutani mpaka mashine iwe imefungwa kikamilifu. Toa diski pia. Kisha weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani, gusa miguu miwili ya plagi inayopitisha umeme, huku mtu mwingine akishikilia swichi ikiwa imebonyezwa. Grainda ya kiasi hicho ikiwa nzima husoma omu chache, au kumi na ushei. Ikiwa multimita inaonyesha kwamba njia imekatika, basi hitilafu ni kebo, swichi, koili, au kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na tutaziondoa moja moja.

Hamadi: Mjomba, kipimo hicho hakidanganyi? Mashine nyingi siku hizi zina vidhibiti mwendo vya kielektroniki.

Baba Mdogo Yusufu: Hoja yako ni sahihi. Mashine yenye kidhibiti cha mwendo, au ile inayoanza polepole ili isimrushe mtu mkono, inaweza kuonyesha kwamba njia imekatika ilhali ni nzima, kwa hiyo kipimo cha plagini hakiitoshi. Zainabu, yako ina kitufe cha kuchagua mwendo?

Zainabu: Haina, ina swichi moja tu ya kusukuma mbele. Nimepima, na multimita inaonyesha njia imekatika. Nimeikunja kebo huku na huku, hasa pale inapoingia kwenye mpini, lakini usomaji haubadiliki.

Baba Mdogo Yusufu: Umefanya vyema kuanzia pale mpinini, kwa sababu ndipo kebo inapokunjwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa halina hata mkwaruzo. Kama usomaji ungekuwa unakuja na kupotea, tungekata kipande hicho kibovu na kufunga upya kebo iliyosalia, tukihakikisha kwamba kibano kimeshika ganda la nje na kwamba uzito wa kebo hauning'inii kwenye nyaya zenyewe. Sasa tuje kwenye kaboni, ambazo nimezishuku tangu uliposema kwamba mashine inaamka ukiigonga.

Hamadi: Hapo ndipo sikuelewa. Kugonga kunasaidia nini?

Baba Mdogo Yusufu: Mota ya grainda, kama ya keekee ya umeme na ya msumeno wa mviringo, ina koili zisizozunguka na koili zinazozunguka, ambazo mafundi huziita amecha. Umeme hauwezi kufika kwenye kitu kinachozunguka kwa waya wa kawaida, maana waya ungejisokota na kukatika mara moja. Kwa hiyo vipande viwili vya kaboni husukumwa na springi vikae vinagusa komyuteta, yaani ile pete ya vipande vya shaba iliyo kwenye mwisho wa amecha. Kaboni hulika polepole kwa msuguano, nayo imekusudiwa ilike ili shaba isilike. Ikishakuwa fupi, springi inakosa nguvu ya kuikandamiza. Mashine inakatakata, na ukiigonga, kaboni inaruka ikagusa tena kwa muda. Nyingine hazijafupika bali zimekwama ndani ya nyumba zao kwa vumbi, na dalili huwa ileile.

Shangazi Mwanaidi: Kaka Yusufu, samahani kwa kuingilia. Mashine yangu ya kukata nyasi ya umeme inavuma tu bila kuzunguka. Na mimi nifungue nitafute hizo kaboni?

Baba Mdogo Yusufu: Hapana, dada yangu, nadhani yako haina kaboni. Ilipokuwa nzima ilikuwa inapiga kelele kali kama grainda, au ilikuwa na mngurumo wa chini?

Shangazi Mwanaidi: Mngurumo wa chini, hata jirani hasumbuki.

Baba Mdogo Yusufu: Basi huenda hiyo ni mota ya aina nyingine, isiyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na ambayo kwa umeme wa hezi 50 haivuki mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikivuma bila kuzunguka, chomoa plagi kwanza, uvae glovu nzito, kisha uzungushe kisu kwa mkono uone kama hakijabanwa na nyasi zilizogandamana chini ya bodi. Kama kinazunguka kwa wepesi, mshukiwa mkubwa ni kapasita inayosaidia mota kuanza. Hiyo usiiguse, dada, kwa kuwa inaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Hamadi aje aitoe chaji kwa rezista, kipande kinachozuia umeme usipite kwa nguvu, kabla ya kuipima, na mpya iwe na maikrofaradi zilezile, yaani uwezo uleule wa kuhifadhi umeme, na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani. Tena usiendelee kuijaribujaribu, kwani mota inayovuma bila kuzunguka hupata moto haraka, na hiyo ndiyo njia ya kuiunguza kweli.

Hamadi: Nitakuja kesho asubuhi, Mama. Usiiwashe.

Zainabu: Baba Mdogo, nimefungua vifuniko viwili vya ubavuni kwa bisibisi na kutoa kaboni. Moja ina urefu wa kama milimita 5 na nyingine 6. Kwenye uso wa moja kuna kijiti kidogo cha plastiki kimejitokeza. Je, kimevunjika?

Baba Mdogo Yusufu: Hakijavunjika, kimefanya kazi yake. Kaboni za namna hiyo huwa na kijiti chenye springi ndani yake, na kaboni ikilika kufikia kiwango kilichopangwa, kijiti hutoka na kuiinua isiguse tena komyuteta. Mashine huzimika ghafla, na watu wengi huitupa wakiamini imekufa, ilhali imejizima ili kuilinda shaba. Kwangu mimi hiki ni miongoni mwa vitu vilivyobuniwa kwa busara zaidi ndani ya mashine hizi, ingawa ingekuwa busara zaidi kama watengenezaji wangekiandika kwenye kifuniko.

Hamadi: Basi ninaondoa hukumu yangu ya kuungua. Je, abadilishe hiyo moja tu?

Baba Mdogo Yusufu: Abadilishe zote mbili, hata kama moja ingeonekana ndefu, ili zikandamize kwa nguvu sawa. Zainabu, nenda na zile za zamani unapotafuta mpya, upime upana, unene na umbo la waya na springi. Kaboni mpya inapaswa kuteleza ndani ya nyumba yake bila kukwama na bila kuchezacheza. Ikiwa nene kidogo, isugue juu ya msasa laini uliolazwa mahali tambarare. Ikiwa nyembamba, iache kabisa, maana itatikisika na kutoa cheche. Kabla ya kuiweka, angalia komyuteta kwa tochi kupitia tundu lile. Rangi ya hudhurungi iliyosambaa sawasawa ni dalili njema, na haifai kuisugua ing'ae. Ukiona vipande viwili vitatu vimeungua kwa weusi huku vingine viko safi, nijulishe kabla ya kuendelea.

Zainabu: Rangi ni moja pande zote, ila kuna vumbi jeusi.

Baba Mdogo Yusufu: Hilo ni vumbi la kaboni yenyewe. Lipulize litoke ukiwa nje, umevaa barakoa na miwani, kwa sababu vumbi hilo hupitisha umeme na likirundikana linaweza kuunganisha vitu visivyopaswa kuungana.

Zainabu: Nimerudi, wapendwa. Kaboni mpya zimeingia na vifuniko nimevifunga. Nimepima tena plagini nikasoma omu 8, ndipo nikaiwasha bila diski. Inazunguka vizuri, ila naona cheche ndogo za bluu kwenye matundu.

Baba Mdogo Yusufu: Hongera sana. Cheche ndogo zinazobaki pale kaboni inapogusa ni za kawaida, hasa kwa kaboni mpya ambayo uso wake bado haujachukua mviringo wa shaba, kwa hiyo iache izunguke bila mzigo kwa dakika chache kabla ya kuipa kazi. Ungeona moto unaozunguka komyuteta nzima kama pete, hapo ungeizima papo hapo, kwa sababu huo mara nyingi hutokana na koili ya amecha iliyokatika au kugusana, na maneno ya Hamadi ya kununua nyingine yangekuwa sahihi.

Hamadi: Asante kwa kunihifadhia nafasi, Mjomba.

Baba Mdogo Yusufu: Nafasi yako ipo kwenye kapasita ya mama yako. Zainabu, kabla hujarudisha diski, soma maandishi yake. Mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Diski nyingi za milimita 115 huandikwa 13,300. Soma pia tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kuwa gundi inayoshikilia chembe za diski huchakaa hata bila kutumiwa. Na kinga ya diski irudi mahali pake.

Zainabu: Mizunguko inatosha na kinga nimeirudisha, lakini tarehe ya diski imeshapita. Nimeivunja vipande nikaitupa ili mtu asije akaiokota, na chuma kilichosalia nitakikata nikipata diski mpya.