Tupeane uzoefu: pishi jipya lililokushinda mara ya kwanza

MamaKumimina

Habari za jioni wapishi wenzangu. Jumapili nimemwaga sufuria nzima ya mkate wa kumimina. Ulitoka mzito, mweupe, unang'aa kama sabuni ya mche, kisu kikipita kinatoka na utandu. Mume wangu alimega kipande akasema "ladha ipo", kisha akanywa maji glasi mbili mfululizo.

Na nilifuata kila kitu! Mchele vikombe viwili, umelowekwa tangu usiku. Tui zito, sukari, hiliki, hamira ya chenga kijiko kidogo, ute wa yai moja. Nikasaga kwenye blenda mpaka ukawa laini kabisa, nikafunika. Saa moja ikapita, mbili, hola. Nikasema labda utaumukia motoni.

Kwa hiyo tupeane uzoefu. Pishi gani ulilijaribu kwa mara ya kwanza likakushinda, na baadaye ukagundua kosa lilikuwa wapi? Yale ya "nilipika familia ikafurahi" yaacheni leo, nataka yaliyoungua.

BiUkwaju

Pole mwanangu. Tui ulilotia lilikuwa la nini, la kukuna au la unga?

MamaKumimina

Shikamoo mama. La unga, la pakiti. Nilikoroga na maji ya moto kama pakiti ilivyoelekeza.

BiUkwaju

Marahaba. Ukangoja lipoe?

MamaKumimina

...Sikungoja.

BiUkwaju

Basi hamira umeichemsha. Ile ni kitu hai, inataka vuguvugu, yaani ukichovya kidole usishtuke. Ikifika nyuzi 55 na kuendelea inakufa, na ikishakufa hata uiongezee sukari namna gani haifufuki.

Wala usijilaumu sana. Aliyeandika pishi hilo bila shaka ni mtu wa mbuzi na kifumbu kama sisi huku Tanga. Tui la kukuna linatoka na ubaridi wake, kwa hiyo hakupitiwa hata na wazo la kuandika "tui lisiwe la moto". Mtu huandika anayoyafikiria, yale mkono wake unayoyafanya wenyewe hayaandiki. Hapo ndipo sisi wa kujaribu tunapoumbuka.

Ukirudia, anza kwa kuijaribu hamira pembeni: maji ya vuguvugu robo kikombe, sukari chembe, hamira, funika dakika kumi. Ikitoa povu, endelea. Ikilala kama ilivyo, umeokoa mchele wako. Na ukishaumuka usiukoroge tena. Umimine kama ulivyo, maana ukikoroga unatoa ile hewa uliyoingoja saa nzima.

DadaOveni

Mama, hayo ya "mtu huandika anayoyafikiria" yamenigusa penyewe.

Mimi nilinunua oveni ya mezani, ile ndogo ya umeme. Keki yangu ya kwanza nikaitoa kwenye video ya dada mmoja wa Marekani. Akasema weka 350. Natazama kitufe cha oveni yangu, mwisho wake 250. Nikajisemea, kaoveni haka ni ka bei rahisi ndiyo maana hakafiki, wacha nizungushe mpaka mwisho walau tukaribiane. Dakika kumi na tano nyumba nzima inanuka moshi. Juu mkaa, chini mkaa, katikati uji wa vanila.

Nilikaa na hasira na oveni wiki mbili, hata nikataka kuirudisha dukani. Bahati mdogo wangu aliyesoma soma sayansi ndiye aliyenicheka: zile 350 ni za Farenhaiti. Kwa Selsiasi ni kama 180. Na wakisema 400, ni kama 200.

Halafu kuna hiki kitu "kikombe". Kikombe cha mapishi ya kule ni mililita 240. Nikajaza maji kikombe changu cha chai, nikayamimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita kuangalia yanafika wapi. Yalipita nusu ya chupa na mbele kidogo, zaidi ya mililita 300! Sasa kama kila kitu unapimia kikombe hicho hicho si mbaya sana, vyote vimezidi pamoja. Shida ni mayai. Mayai matatu ni matatu tu, hayajui kikombe chako kikubwa. Ndiyo maana keki zangu zilikuwa kavu hata baada ya kurekebisha moto. Siku hizi nina mizani ndogo ya jikoni, pishi lisilo na gramu nalipita.

SipimiMimi

Jamani mnajitesa. Mama zetu walipima kwa macho na tulikua.

DadaOveni

Mama yako alipika pilau lile lile miaka thelathini. Macho yake ni mizani. Mpe makaroni ya Kifaransa, vile vibiskuti vya lozi, leo tuone.

SipimiMimi

Sawa hapo umenipata 😂 Ila mandazi sipimi ng'o.

WaKisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwanamume, napika, wala sioni haya.

Nilijitolea kuwapikia wakwe biriani. Nyumbani mamangu hulainisha nyama ya ng'ombe kwa papai bichi na mtindi, nimeona tangu utotoni. Nikasema mimi nitatumia kuku, halafu nitie papai la kutosha, halafu nilaze usiku kucha ili viungo vikolee. Ona hesabu zangu: nusu papai nzima, kuku wawili, saa kumi na mbili.

Papai bichi, hasa utomvu wake, lina kimeng'enya kinachovunjavunja nyama. Ng'ombe mgumu anaweza kuvumilia. Kuku hana la kuvumilia. Asubuhi nikishika paja, mfupa unabaki mkononi na nyama inarudi bakulini. Nikapika hivyo hivyo, wageni washatoka kwao. Masala ikawa nzuri kwa rangi, harufu ipo, vitunguu vimekaangika vizuri, ila ni rojo. Mama mkwe akapakuliwa, akapekua kwa adabu na kijiko, akauliza, "Mwanangu, huyu kuku amekwenda wapi? Mifupa yake naiona."

Sasa nyama ya ng'ombe kilo moja natia papai lililosagwa kijiko kimoja cha chakula, saa moja, mbili kwa wingi. Kuku simtii papai kabisa. Mtindi, tangawizi, thomu na ndimu vyamtosha.

BiUkwaju

Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuniangalia.

MtangaMbeya

Niliyonayo hayaungui, hayaivi. Nimezaliwa pwani, kazi ikanileta Mbeya. Siku moja nikajaribu pishi la maharage la "tia vyote sufuria moja": maharage makavu, nyanya, kitunguu, karoti, ukwaju kidogo, maji, bandika. Nikabandika saa tano asubuhi. Saa kumi jioni bado yanagonga meno. Nikaamini nimeuziwa maharage ya mwaka juzi, nikaenda sokoni kumgombeza mama wa watu.

Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. La kwanza, nyanya na ukwaju. Uchachu unayazuia maharage yasilainike, kwa hiyo vinatiwa mwishoni yakishaiva. La pili hakuna aliyeniambia: huku tuko juu, mita kama 1,700, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Unaona yanatokota kwa fujo, kumbe moto wake si ule wa Tanga. Kuongeza gesi hakusaidii, maji hayapandi zaidi ya hapo, unakausha sufuria tu. Sasa naloweka usiku, natumia sufuria ya presha, na chumvi na nyanya baadaye. Yule mama nilirudi kumwomba radhi. Akaniuzia na karanga.

DadaOveni

Kumbe! Shangazi yangu yuko Njombe, keki zake zinapanda haraka halafu zinadidimia katikati. Itakuwa ni hayo hayo?

MtangaMbeya

Inawezekana kabisa. Huku juu hewa ni nyepesi, keki inafura kabla haijashika. Mwambie apunguze beking pauda kidogo kidogo mpaka aone inapotulia.

BintiMkunazini

Mimi mtu wa Unguja niko Muscat. Nilijaribu mchuzi wa nyama wa hapa wenye ndimu kavu, zile nyeusi ngumu kama gololi. Nikaona ndogo ndogo, nikatia nane, tena nikazivunja na mbegu zake zote. Mchuzi mchungu kama shubiri. Mbili zinatosha kwa sufuria ya watu sita, unazitoboa tu kwa uma, mbegu unatoa. Sina zaidi, watoto wanalia.

Mgeni_Jikoni

Mimi nilipika chapati kwa unga wa keki ule ambao tayari umetiwa beking pauda. Sikusoma pakiti. Hazikusukumika wala hazikukunjika, zikawa nene kama vitumbua vilivyokanyagwa. Tukala na chai tukanyamaza.

MamaKumimina

Wapendwa, nimerudi na matokeo. Nimerudia jana, ila safari hii nusu ya kipimo, kikombe kimoja cha mchele, maana nilichomwaga Jumapili kiliniuma.

Tui la unga nimeliacha mpaka likapoa kabisa. Hamira nimeijaribu pembeni, dakika ya sita ikatoa povu. Ulivyoumuka! Dakika arobaini tu, joto la Dar nalo limesaidia. Sikukoroga. Nimepaka mafuta sufuria, nikaipasha, nikamimina, moto mdogo. Nikaanza kuona vitundu juu, kimoja kimoja, nikaita watu waje kuona kama vile ni mpira wa fainali. Vilipojaa na juu kuanza kukauka nikaweka mkaa juu ya mfuniko.

Umetoka umefura, ukiukata una matundu, unabonyea na kurudi. Tatizo moja: chini umeshika, duara jeusi katikati, pande zote sawa. Na gesi niliiweka ya chini kabisa.

BiUkwaju

Hongera mwanangu. Sufuria yako ni ile nyepesi ya bati?

MamaKumimina

Ndiyo mama, ya kawaida ya nambari.

BiUkwaju

Moto wa gesi unagonga katikati, na bati jepesi halina pa kuusambaza. Chukua kikaango chako cha chapati, kile cha chuma kizito, kibandike kwanza, sufuria iketi juu yake. Itachelewa kama dakika kumi hivi, usiwe na haraka ya kuongeza moto.

MamaKumimina

Kikaango nimeazima jirani, changu kina mpini uliovunjika hakikai sawa. Jumamosi narudia, vikombe viwili.